Somo la 18: Namna ya Kusafiri Katika Mji wa Dar es Salaam

Kwetu Mutarule mtu hapotei. Njia za mashamba twazijua tangu udogo, na barabara kubwa ni moja tu, ile ya Uvira na Bukavu. Anayekwenda Sange huenda kwa miguu, au kwa baiskeli, au hupanda pikipiki. Anayekwenda Uvira husimama barabarani na kungoja gari. Akija mgeni, hata mtoto mdogo ataweza kumwonyesha njia.

Lakini kuna miji mikubwa ambamo hata mwenyeji hupotea. Mmojawapo ni Dar es Salaam, katika nchi ya Tanzania. Wafanya biashara wa Uvira hufika huko kununua vitu. Watalii wa Ulaya na Marekani hushuka huko kwa ndege, kisha huenda Unguja au mbuga za wanyama. Pengine siku moja nawe utafika. Mtu afikaye mjini bila kujua desturi ya njia zake hupoteza pesa, hupoteza saa, na mara nyingine hupoteza uhai. Basi, leo tujifunze vyombo vya safari vya mji ule, na kazi ya kila kimoja.

1. Mji wenyewe

Dar es Salaam ni mji wa pwani ya Bahari ya Hindi. Zamani palikuwa na kijiji kilichoitwa Mzizima. Katika miaka ya 1860 Sultani Majid wa Unguja alianza kujenga mji karibu na kijiji hicho. Jina alilouita ni la Kiarabu, na maana yake ni mahali pa amani. Baadaye Wadachi waliutawala, kisha Waingereza. Siku hizi makao makuu ya serikali ya Tanzania ni Dodoma, lakini Dar es Salaam ndio mji mkubwa kuliko yote ya nchi ile. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2022, walihesabiwa watu zaidi ya 5,380,000.

Watu hao wote hawakai mahali pamoja. Wengi hulala mbali, pande za Mbagala, Gongo la Mboto, Kimara, Tegeta na Kigamboni, na kila asubuhi huingia mjini kufanya kazi. Jioni hurudi. Kwa hiyo asubuhi na jioni barabara hujaa magari, nayo huenda polepole kama ng'ombe wanaoingia zizini kwa mlango mmoja. Wenyeji huita jambo hili foleni. Safari ya nusu saa huweza kuwa ya saa mbili.

2. Mambo mawili ya kushika kabla ya kufika

Toka Uvira, mtu huweza kusafiri ziwani mpaka Kigoma. Toka Kigoma iko reli ya zamani mpaka Dar es Salaam, urefu wake zaidi ya kilometa 1,200. Wadachi waliifikisha Kigoma mwaka 1914. Baadaye, kwa mapatano ya mwaka 1921, Wabelgiji nao walipewa gati Kigoma na Dar es Salaam, ili mizigo ya Kongo na ya Ruanda-Urundi ipate njia ya bahari. Hivyo tangu zamani njia ya Dar es Salaam ni njia yetu pia.

Jambo la kwanza ni saa. Saa za Tanzania ziko mbele ya saa zetu. Saa ya Uvira ikionyesha saa moja asubuhi, ya Kigoma inaonyesha saa mbili. Mgeni asiyebadili saa yake atafika kituoni akidhani amewahi, kumbe gari moshi limekwisha kuondoka.

Jambo la pili ni kubwa zaidi. Kwetu Kongo magari hupita upande wa kuume wa barabara. Katika Tanzania hupita upande wa kushoto. Kwetu, mtoto akitaka kuvuka, gari lililo karibu naye hutoka upande wake wa kushoto, na macho yake yamezoea kuangalia huko kwanza. Akifanya hivyo Dar es Salaam, gari litamjia kutoka kuume, naye halioni. Basi shikeni neno hili: Tanzania, angalia kuume kwanza, kisha kushoto, kisha kuume tena. Usivuke kwa kumfuata mtu mwingine tu, maana labda yeye ana mbio kuliko wewe.

3. Miguu

Miguu ni chombo cha kwanza, nayo haiombi nauli. Katikati ya mji, mahali pengi pa kutazama pako karibu. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa na Wadachi, liko mbele ya bandari. Ukitembea kidogo utaona Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927 kuwa kumbukumbu ya vita kuu ya kwanza. Mbele yake kuna bustani ya miti, na Makumbusho ya Taifa. Watalii wengi huona hayo yote kwa miguu katika asubuhi moja.

Hata jina la Kariakoo, mtaa wa soko kubwa, ni jina la miguu. Katika vita ile Waingereza walikuwa na kikosi cha wapagazi kilichoitwa Carrier Corps. Watu wakalitamka neno hilo kwa Kiswahili: Kariakoo. Wapagazi hao walibeba chakula na risasi vichwani kwa maelfu ya kilometa, na wengi wao walikufa kwa njaa na maradhi. Anayepita Kariakoo na awakumbuke.

Lakini jua la pwani ni kali, na usiku si vema mgeni kutembea peke yake. Wenzetu husema, mgeni ni kuku mweupe: kila mtu humwona, na mwizi pia.

4. Daladala

Daladala ni basi dogo la watu wote. Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1980, mabasi ya watu binafsi yaliporuhusiwa, nauli ilikuwa shilingi 5, na sarafu ya shilingi 5 watu waliiita dala. Kondakta aliita, "Dala! Dala!" Jina likabaki, ingawa nauli ile haipo tena.

Mbele ya daladala yameandikwa majina mawili: mahali linapotoka na mahali linapokwenda, kama Mbagala na Kariakoo. Ubavuni kuna mstari wa rangi, nao hutambulisha njia ya gari. Anayejua kusoma hapotei upesi. Hii ni faida moja ya shule. Lakini hata ukisha kusoma, uliza, maana liko gari linalogeuka kabla ya kufika mwisho wa njia.

"Shikamoo, kaka. Gari hili linafika Kariakoo?"

"Marahaba. Linafika, dogo. Panda upesi!"

"Nauli ni kiasi gani?"

Mtoto huyu amefanya vema. Amesalimu kwanza, ameuliza njia, ameuliza na bei. Kwetu twasema "jambo" kwa wote, lakini huko mdogo humwambia mkubwa "shikamoo". Ukisalimu hivyo, watu watakusaidia kwa moyo. Shikeni na maneno haya: wao hawasemi kinga, husema baiskeli. Hawasemi motari, husema bodaboda. Hawahesabu franka, huhesabu shilingi. Ukitaka kushuka sema kwa sauti, "Kituoni nashuka!" Ukinong'ona utapitishwa.

Daladala ni la nauli ndogo, na hufika karibu kila mtaa. Ubaya wake ni huu: hungoja lijae, husimama mara nyingi, nalo hukaa katika foleni pamoja na magari mengine. Tena ndani watu husongamana, basi weka pesa zako mahali ambapo mkono wa mwingine haufiki.

5. Mwendokasi

Kwa sababu ya foleni, serikali ilijenga barabara ya mabasi peke yake, katikati ya Barabara ya Morogoro. Mwaka 2016 mabasi marefu yalianza kupita humo, na watu wakayaita mwendokasi. Njia ya kwanza ilikuwa na urefu wa kilometa 21 hivi, toka Kimara mpaka Kivukoni, pamoja na matawi ya Kariakoo na Morocco. Morocco hii si nchi, ni mtaa wa Dar es Salaam.

Kazi yake ni rahisi kuifahamu. Abiria hulipa kituoni, wala si ndani ya basi. Sakafu ya kituo ni sawa na sakafu ya basi, kwa hiyo mzee na mama mwenye mtoto huingia bila kupanda ngazi. Magari mengine yamekatazwa kuingia katika njia hiyo. Hivyo, magari mengine yakisimama, basi hili laendelea.

Hata hivyo lina adui zake. Wa kwanza ni msongamano, kwa maana asubuhi na jioni watu husukumana mlangoni. Wa pili ni maji. Pale Jangwani barabara hupita katika bonde la mto Msimbazi. Mvua kubwa zikinyesha, mto umefurika mara nyingi na kufunga njia. Ninyi wa bonde la Ruzizi hamwezi kushangaa. Wazazi wenu wanakumbuka mto Mulongwe ulivyofurika Uvira mwezi wa Aprili 2020, ukachukua nyumba na watu. Mto hauulizi kama mji ni mkubwa au mdogo. Kwa hiyo mwenye safari ya lazima huuliza siku moja mbele: Je, njia i wazi? Je, mabasi yanakwenda?

6. Bajaji, bodaboda na teksi

Bajaji ni gari dogo la magurudumu matatu. Jina lake limetoka kwa kampuni ya Bajaj ya Uhindi. Bodaboda ni pikipiki ya kuchukua abiria. Jina hili lilizaliwa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda. Huko watu wa baiskeli waliwavusha wasafiri toka mpaka mmoja mpaka wa pili, wakiita kwa neno la Kiingereza la mpaka, "Boda! Boda!" Baadaye pikipiki zikarithi jina.

Vyombo hivi viwili huingia katika vijia ambavyo basi haviwezi. Vinafaa kwa safari fupi, toka kituo cha basi mpaka mlangoni. Teksi hufaa kwa mwenye mizigo mingi, au mgonjwa, au anayefika usiku. Siku hizi watu wengi huiita teksi kwa simu, na simu huwaonyesha bei kabla ya safari. Usipokuwa na simu hiyo, patana bei kabla ya kupanda. Ukisha kukaa ndani, wewe huna nguvu tena ya kupatana.

Lakini angalieni sana pikipiki. Huko Muhimbili, hospitali kubwa ya Dar es Salaam, kuna taasisi ya mifupa, na wengi waliolazwa humo ni watu wa ajali za pikipiki. Mtu mmoja nyuma ya dereva, kofia ngumu kichwani, ndiyo desturi njema. Watatu au wanne juu ya pikipiki moja ni kuchezea mauti. Dereva akienda mbio, mwambie apunguze. Akikataa, shuka. Kupoteza nauli kidogo si kitu.

7. Kivuko, daraja na meli

Mlango wa bandari huugawa mji na upande wa Kigamboni. Toka zamani watu huvuka kwa kivuko pale Magogoni, karibu na soko la samaki. Kivuko huchukua watu, baiskeli na magari pamoja, na safari yenyewe ni dakika chache tu. Mwaka 2016 lilifunguliwa Daraja la Nyerere huko Kurasini, lenye urefu wa mita 680. Mwenye gari aweza kupita darajani, lakini aendaye kwa miguu kutoka katikati ya mji huona kivuko kuwa karibu zaidi.

Kwa Unguja, ziko meli za mwendo wa mbio ambazo hufika kwa saa mbili hivi. Hapa sina budi kusema neno zito. Mwaka 2011 meli Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba. Ilikuwa imepakia watu kupita kiasi, na mamia walikufa. Mwaka 2012 meli Skagit, iliyotoka Dar es Salaam kwenda Unguja, ilipinduliwa na mawimbi na upepo mkali, na watu wengi walikufa tena. Sisi wa Tanganyika twajua jambo hili, maana ziwa letu nalo limemeza mashua zilizojaa kupita kiasi. Basi, ukiona chombo kimejaa na mwenye chombo bado anaita watu, usiingie. Ngoja cha pili.

8. Gari moshi

Karibu na bandari iko stesheni ya reli ya zamani. Mwaka 2012 zilianza pia treni za asubuhi na jioni za kuchukua wafanya kazi ndani ya mji. Wenyeji wakaiita moja yao kwa jina la waziri wa wakati ule, treni ya Mwakyembe. Mwaka 2024 ilianza reli mpya ya umeme, toka Dar es Salaam mpaka Morogoro, kisha mpaka Dodoma. Treni zake huweza kwenda kilometa 160 kwa saa moja. Tazama tofauti! Wapagazi wa zamani walitembea majuma kadhaa kwa njia ambayo treni hii huimaliza kwa saa nne hivi.

9. Namna ya kuchagua

Sasa tufanye hesabu. Tuseme mama mmoja wa Mutarule na mtoto wake wamelala Kimara. Asubuhi saa tatu na nusu meli ya Unguja inaondoka, nao wana gunia moja. Tikiti imekwisha kulipwa. Wakichelewa, pesa zao zimepotea. Wapande nini?

Bodaboda ni ya mbio, lakini watu wawili na gunia juu ya pikipiki moja ni hatari. Teksi itawachukua vema, lakini bei yake ni kubwa, tena itakaa katika foleni. Daladala ni rahisi kwa bei, lakini asubuhi huchelewa. Mwendokasi hupita njia yake yenyewe, na kituo chake cha mjini ki karibu na bandari. Basi jana yake mama alikwenda kituoni akauliza kama mabasi yanakwenda, na ya kwanza huondoka saa ngapi. Wakaamka mapema, kabla watu hawajawa wengi, wakaenda, wakafika bandarini wakiwa na muda wa kupumzika.

Siku ya kurudi hawana haraka, na gunia halipo tena. Wakapanda daladala kwa nauli ndogo, na mtoto akaona mitaa kwa raha. Je, siku ile na siku hii chombo kizuri ni kimoja? Sivyo. Chombo kizuri ni kile kinachofaa kwa kazi ya siku ile. Kwa hiyo, kabla ya kupanda, jiulize maswali matano: Ninakwenda wapi? Nina mzigo gani? Nina muda gani? Nina pesa kiasi gani? Je, chombo hiki ni salama? Jibu la swali la mwisho likiwa "hapana", majibu ya yale manne hayana kazi tena.

Maneno ya kujifunza

Foleni: magari mengi yaliyosimama au kwenda polepole, moja nyuma ya jingine.
Nauli: pesa ya kulipia safari.
Kondakta: anayepokea nauli katika basi.
Kivuko: chombo cha kuvusha watu na magari majini.
Gati: mahali meli inapofungwa ili kupakia na kupakua.
Kupatana bei: kusemezana mpaka muuzaji na mnunuzi wakubali bei moja.

Maswali

1. Saa ya Mutarule ikionyesha saa nne asubuhi, Dar es Salaam ni saa ngapi?
2. Katika Tanzania, kabla ya kuvuka barabara, utaangalia upande gani kwanza? Kwa sababu gani?
3. Jina la Kariakoo limetoka wapi?
4. Kwa nini basi la mwendokasi huendelea wakati magari mengine yamesimama? Ni mambo gani mawili yanayolizuia?
5. Kwa nini yafaa kupatana bei kabla ya kupanda bajaji, wala si baada ya kufika?
6. Mzee mgonjwa anafika Dar es Salaam saa nne ya usiku, naye ana mizigo miwili. Utamshauri apande nini? Toa sababu mbili.
7. Wewe na rafiki yako mko ufukoni Uvira. Mashua imejaa sana, na mwenye mashua asema, "Nafasi ipo bado." Rafiki yako anataka kuingia. Andika maneno utakayomwambia.

Kazi ya nyumbani: Uliza wazee wako walikwendaje Uvira walipokuwa watoto, kwa chombo gani na kwa muda gani. Andika mistari kumi, uisome mbele ya wenzako.